Saa 12 za mazoezi ya kuongea: mwaka mzima au wiki tatu?

Mtoto ana miaka minne na nusu. Ukimtuma alete kandambili za baba zilizo nyuma ya mlango, anazileta. Kaka yake akimnyang'anya rimoti, anamshtaki kwa bibi kwa mikono, kwa macho na kwa kelele. Anaelewa kila kitu. Lakini maneno hayatoki. Jana alisema "maji" vizuri kabisa na nyumba nzima ikashangilia. Leo anasema "badi", kesho "ai", na akibanwa arudie, ananyamaza.

Wazazi wa watoto wa namna hii huwa na swali moja: nitampata wapi daktari wa kuongea? Ni swali la haki, maana wataalamu hao ni wachache mno. Lakini ni nusu ya swali. Nusu nyingine, ambayo wengi hawaiulizi kwa sababu tayari wana furaha ya kupata miadi, ni hii: akishampata, atamwona mara ngapi? Kwa mtoto mwenye hali iitwayo apraksia ya usemi, nusu hiyo ya pili ina uzito uleule wa ile ya kwanza, na mara nyingine zaidi.

Tuanze na hali yenyewe. Mtoto mwenye apraksia hana ulimi mzito wala midomo dhaifu. Anajua anachotaka kusema. Kinachokwama ni kupanga: ubongo hautumi vizuri amri zinazofanya midomo, ulimi, taya na koo vifuatane kwa mpangilio na kwa kasi inayotakiwa. Ni kama mtu anayejifunza kuendesha gari la gia. Anajua anakokwenda na injini ni nzima, ila klachi, gia na mafuta bado havijakubaliana, na gari linaruka na kuzima. Makadirio yanayotumiwa na wataalamu ni mtoto 1 hadi 2 katika kila watoto 1,000. Si wengi, ndiyo maana hata mhudumu mzuri wa kliniki anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana na mmoja anayemtambua.

Mwaka 2007, chama cha wataalamu wa usemi, lugha na usikivu cha Marekani kilitaja dalili tatu ambazo hadi leo ndizo zinazotazamwa zaidi. Ya kwanza ni makosa yasiyo na msimamo: neno lilelile, likirudiwa, linaharibika kila mara kwa namna yake, irabu zikiwemo. Hapa ndipo apraksia inapotofautiana na matamshi ya kawaida ya utotoni. Mtoto anayesema "lafiki" badala ya "rafiki" kila siku, asubuhi na jioni, ana msimamo wake. Wengi huacha wenyewe, na kuna maeneo ya nchi hii ambako hata babu yake husema hivyohivyo bila kuumwa chochote. Ya pili ni kukwama katika kuunganisha sauti moja na inayofuata, hata unaona mdomo unatafuta pa kukaa kabla sauti haijatoka. Ya tatu ni lafudhi kupoteza mdundo: Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, lakini mtoto huyu hutamka "ki-ti" au "ba-ba-ye" kama anayehesabu, kila silabi na uzito uleule.

Kiswahili kina sura zake hapa. Kwa upande mmoja ni lugha rafiki, kwani silabi zake nyingi ni konsonanti moja na irabu moja: baba, mama, moto, toka. Kwa upande mwingine, vitenzi vyetu ni virefu. "Hatutakupeleka" ni neno moja lenye silabi saba, na kwa mtoto mwenye apraksia kadiri neno linavyorefuka ndivyo linavyozidi kumponyoka. Ndiyo maana anaweza kusema "toka" na "lete" lakini akashindwa kabisa "ninakuja". Mzazi anayelijua hili hatamwona mtoto kuwa mkaidi.

Kabla ya kwenda mbali, mtoto apimwe usikivu. Hilo halina mjadala, hata kama unaamini anasikia vizuri. Baada ya hapo, chunga mfuko wako. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoweza kukuambia peke yake kwamba mtoto ana apraksia. Hali hii hutambuliwa kwa mtaalamu kukaa na mtoto, kumsikiliza na kumfanya arudie maneno ya urefu tofauti. Daktari anaweza kuomba picha kwa sababu nyingine, kama kifafa au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, na sababu hizo aulizwe. Kukata kimeo au kile kingozi cha chini ya ulimi hakutibu apraksia. Kimeo kikikatwa mtaani kinaweza kuleta damu nyingi na maambukizi, na mtoto atarudi nyumbani na tatizo lilelile pamoja na kidonda. Wala si kosa la mama, si katuni, na si kwa sababu nyumbani mnaongea Kihaya na Kiswahili. Mwaka 2001 watafiti waligundua kwamba familia moja ya Uingereza yenye tatizo hili kwa vizazi vitatu ilikuwa na hitilafu kwenye jeni moja, FOXP2. Watoto wengi hawana hitilafu hiyo hasa, lakini ugunduzi ule ulitosha kuonyesha kwamba tunazungumzia ubongo, hatuzungumzii malezi.

Sasa turudi kwenye ile nusu ya pili ya swali.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, walichapisha jaribio la watoto 26 wenye apraksia, wa umri wa miaka 4 hadi 12. Waliwagawa kwa bahati nasibu katika makundi mawili, kila kundi na mbinu yake ya mazoezi. Kila mtoto alipata kipindi cha saa moja, siku nne kwa wiki, kwa wiki tatu. Jumla ni saa 12. Makundi yote mawili yalipiga hatua, na watoto walipopimwa tena miezi minne baadaye sehemu kubwa ya walichojifunza ilikuwa bado ipo. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018, yaliyopekua tafiti za dunia nzima, yalikuta jaribio hilo moja tu lililokidhi vigezo vyake. Ushahidi bado ni mwembamba, na yeyote anayekuahidi uponyaji kwa uhakika anakudanganya. Lakini ndio bora tulio nao.

Sasa weka pembeni yake kadi ya miadi ya mtoto anayehudhuria mara moja kwa mwezi. Saa moja kwa mwezi, kwa mwaka, ni saa 12. Ni saa zilezile! Mzazi wa Songea anayemleta mtoto Dar es Salaam kila mwezi anasafiri zaidi ya kilomita 900 kuja na hizohizo kurudi, mara kumi na mbili, ili apate saa ambazo watoto wa Sydney walizimaliza ndani ya wiki tatu. Hata hivyo hapati kitu kilekile, kwa sababu kuongea, kama kuendesha gari, ni ujuzi wa misuli inayoongozwa na ubongo, na ujuzi wa namna hiyo unataka marudio ya karibukaribu. Hakuna anayejifunza gari kwa kushika usukani saa moja kila tarehe 5 ya mwezi. Utafiti mwingine wa mwaka 2015, uliofanyika Canada kwa watoto 37, ulilinganisha kipindi kimoja kwa wiki na viwili kwa wiki kwa muda wa wiki 10. Waliohudhuria mara mbili ndio walioonyesha nafuu ya maana katika matamshi na katika kuwasiliana. Ona kwamba hata lile kundi "hafifu" lilikuwa linamwona mtaalamu kila wiki.

Kwa nini basi hospitali hutoa miadi ya mwezi? Kwa sababu ndivyo daftari la kliniki lilivyozoea. Mgonjwa wa shinikizo la damu au kisukari huja mara moja kwa mwezi, anapimwa, anapewa dawa, na dawa hiyo inafanya kazi nyumbani siku 29 zilizobaki. Mtoto wa apraksia hapewi kidonge cha kuondoka nacho. Kipindi chenyewe ndiyo dawa. Kumpa kimoja kwa mwezi ni sawa na kumpa mgonjwa wa malaria dozi yake kidonge kimoja kila mwezi, kisha kushangaa homa haishuki.

Sisemi haya kuwalaumu wataalamu wetu. Wapo wanaohudumia hospitali nzima peke yao, wakiwa na wagonjwa wa kiharusi, watoto wenye mtindio wa ubongo, wenye usonji, waliofanyiwa upasuaji wa mdomo sungura, na tangu mwaka 2017 Muhimbili ilipoanza kupandikiza vifaa vya usikivu, na watoto hao pia, ambao bila mazoezi ya kuongea kifaa hicho cha gharama kubwa hakiwafai kitu. Mafunzo yenyewe katika ukanda wetu ni ya juzi: Makerere, Uganda, ilianza kufundisha shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, na hapa nyumbani Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinatoa shahada ya usikivu na tiba ya usemi. Wahitimu wanatoka, lakini kidogo kidogo.

Katika uhaba huo, ninachopendekeza ni kwamba mzazi, hasa wa mkoani, aache kuomba "miadi ya karibu" na aombe miadi iliyofungwa pamoja. Mwambie mtaalamu: badala ya mara 12 kwa mwaka, naomba mara 12 ndani ya wiki tatu, wakati wa likizo ya Juni, nitakaa kwa ndugu yangu Temeke, kisha nirudi Desemba. Kwa mtaalamu idadi ya saa ni ileile. Kwako nauli inapungua. Kwa mtoto tofauti inaweza kuwa kubwa. Si kila mtaalamu atakubali, maana ratiba yake huenda haimruhusu, lakini wengi hawajawahi kuombwa. Kama hawezi siku nne kwa wiki, muulize kama anaweza mbili kwa wiki sita.

Kuna jambo lingine katika lile jaribio la Sydney ambalo wakuu wa hospitali na vyuo vyetu wangelisoma mara mbili. Walioendesha vile vipindi hawakuwa mabingwa. Walikuwa wanafunzi wa fani hiyo, katika kliniki ya chuo, wakifuata utaratibu uliopangwa. Nchi yenye wataalamu wachache lakini yenye wanafunzi wanaohitaji mazoezi ya vitendo haihitaji kusubiri miaka 20. Inaweza kufungua kambi ya wiki tatu ya watoto wakati wa likizo, wanafunzi wakifanya kazi na mtaalamu mmoja akisimamia.

Kumpata mtaalamu kunaanzia wapi? Anza na rufaa kutoka kliniki ya watoto hadi idara ya masikio, pua na koo ya hospitali ya mkoa au ya kanda. Hata idara isiyo na mtaalamu wa usemi humjua aliko wa karibu, kwa sababu hupeleka wagonjwa kwake. Uliza pia kwenye vyuo vinavyofundisha fani hii. Shule zenye kitengo cha elimu maalumu ni mlango mwingine: mwalimu aliyesomea elimu maalumu, kama wale wanaotoka Chuo cha Ualimu Patandi, si mtaalamu wa tiba ya usemi na asijifanye, lakini anaweza kuwa mkono wa kulia wa mtaalamu aliye mbali, akisimamia mazoezi shuleni siku tano kwa wiki. Kwa njia ya simu ya video inawezekana pia. Watafiti wa Sydney waliijaribu kwa watoto watano na wakapiga hatua. Ila mtaalamu wa Kampala au wa nje atakayekuhudumia kwa video ni lazima afanye kazi na maneno ya Kiswahili, kwa msaada wako. Mtoto hawezi kufundishwa kuomba maji kwa lugha ambayo nyumbani hakuna anayeiongea.

Na lugha ni suala hata kwenye kupima. Vipimo vingi vilitungwa kwa watoto wa Kiingereza. Kwa Kiswahili takwimu za matamshi ya kawaida ya watoto bado ni chache. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2015 uliwaangalia watoto 24 wa Dar es Salaam wa miaka 3 hadi 5, na wenyewe waliuita wa awali. Mtaalamu makini atakuambia anapima kwa maneno gani na kwa nini. Kama mtoto hajafikisha miaka mitatu, au ana maneno machache mno, atasema "nashuku" na ataanza mazoezi bila kusubiri jina la ugonjwa. Huyo mwamini. Anayetoa jina la ugonjwa dakika ya tano, muulize ameona nini.

Muulize pia chuo alichosoma na cheti chake cha usajili, bila haya, kama unavyomuuliza fundi umeme anayetaka kuingia darini kwako. Siku hizi semina ya wiki mbili humtoa mtu akiwa "mtaalamu". Muulize amewahi kufanya kazi na watoto wangapi wa aina hii, ataanza na maneno yapi, na tutapima maendeleo lini. Jibu la "tutaona" halitoshi.

Kisha omba kukaa ndani, na uhesabu. Hesabu mtoto anajaribu kutamka maneno aliyopangiwa mara ngapi katika kipindi kimoja. Kwa apraksia wataalamu hulenga marudio mia moja na zaidi. Mtaalamu anamtazamisha mtoto usoni, anasema naye pamoja, polepole, anamgusa shavu au kidevu kumwonyesha pa kuanzia, kisha anajitoa taratibu hadi mtoto aseme mwenyewe. Michezo iwepo, lakini iwe ni ya kununua marudio: sema "toka", sukuma gari, sema "toka", sukuma tena. Ukikuta nusu saa imeisha kwa kupuliza filimbi, kupuliza mapovu ya sabuni na kunyoosha ulimi mbele ya kioo, na maneno yenyewe yamesemwa mara kumi, una haki ya kuuliza. Mazoezi ya mdomo yasiyo na usemi hayajathibitika kufundisha usemi. Misuli si dhaifu. Kinachofundishwa ni kupanga maneno, na maneno hupangwa kwa kusemwa.

Nyumbani, fanya yale tu mliyopewa, dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa siku, kwa maneno yenye kazi: nipe, bado, hapa, baba, toka. Usimnyime chakula au maji mpaka atamke. Anayeshindwa kupanga neno akiwa ametulia hataliweza akiwa na kiu na hasira. Mpe pia njia nyingine ya kujieleza wakati huu, ishara za mikono au karatasi ngumu yenye picha za vitu anavyovihitaji. Bibi atasema hiyo itamfanya avivie kuongea. Tafiti hazijaonyesha hivyo, na mtoto anayeeleweka huwa na utulivu zaidi wa kujifunza.

Shule nayo inasubiri mlangoni. Kusoma kwetu huanza kwa sauti, ba be bi bo bu darasa zima, na mtoto asiyeweza kuitikia huandikwa mzito kabla hajapewa kalamu. Kamwone mwalimu kabla muhula haujaanza na mwombe ampime kwa kuonyesha na kuandika. Mweleze pia kwamba watoto hawa wako kwenye hatari zaidi ya kupata shida ya kusoma, hivyo wanahitaji msaada wa mapema.

Limebaki suala la fedha. Mjadala wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 umejaa hesabu za nani achangie kiasi gani. Kwa wazazi hawa kuna swali jingine: kitita kitalipa huduma za utengamao kwa utaratibu gani? Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziimarishe huduma hizo. Lakini azimio haliketi kwenye dawati la madai. Mkaguzi wa bima akikuta mtoto mmoja kahudhuria mara 12 ndani ya wiki tatu, ataona tiba au ataona udanganyifu? Mpaka jibu liandikwe kwenye miongozo, jilinde mwenyewe: mwombe mtaalamu barua inayotaja tatizo, idadi ya vipindi na tarehe zake, ipeleke ofisi ya mfuko wako kabla ya kipindi cha kwanza, na urudi na majibu yenye mhuri.

Na kabla ya miadi ya kwanza, chukua simu yako. Mrekodi mtoto akisema neno lilelile mara tano, kwa siku tatu tofauti, akiwa anacheza na hajui kama anarekodiwa. Chagua neno analolipenda. Mbele ya mgeni mwenye koti jeupe watoto wengi hawa hawatoi hata sauti, na kipindi cha kwanza kinaweza kuisha bila mtaalamu kusikia chochote. Video hizo fupi zitamwonyesha kile ambacho wewe umekuwa ukikieleza kwa miaka miwili bila kuaminiwa.